Tawi Haliuzwi

Habari ilianza kwa Kigong'ota, fundi wa mabango. Yeye ndiye hupaka rangi ubao wa lango la shamba la chai, na hali yake ni nzuri kuliko ya majirani wengi wa bonde la Itare, kwa kuwa ubao ule haudumu. Babu yake aliandika Brooke Bond. Baba yake akafuta, akaandika Unilever. Yeye mwenyewe aliandika ekaterra, na rangi haijakauka sawasawa akaitwa aandike Lipton. Sasa ni mwaka 2024, na ameletewa kikaratasi kingine: Browns. Shamba la pili, lile lililokuwa la Finlay tangu miaka ya 1920, alilimaliza mwaka uliotangulia, kwa jina hilohilo.

"Kogo," akamwita Mbega kutoka chini ya mti, "kesho nina kazi. Shamba limepata mwenyewe mpya."

Kogo Mbega ndiye mkubwa wa ukoo wa mbega waliosalia kwenye ukanda wa msitu kandokando ya mto, chai huku na chai huku. Hashuki ovyo. Siku hiyo alishuka hadi tawi la mwisho.

"Mpya kutoka wapi?"

"Sri Lanka."

"Na ile sheria iliyosema tawi haliuzwi kwa mgeni?"

Kigong'ota akajibu kwamba yeye ni wa rangi tu. Mambo ya sheria aulizwe Kinyonga.

Ndivyo kokwet, baraza la majirani, ilivyoitwa. Walikusanyika alasiri, kabla ya mvua, maana Kericho mvua ya alasiri haikosi kikao hata kama hukuialika, na mara nyingine huja na mawe. Mbega walikaa juu. Sisimizi walikaa pembeni, kwa mazoea. Wajukuu wa Simba walipanda kutoka vibanda vya mjini, wamekonda, wakakaa peke yao. Kinyonga, wakili, alikuwa na rangi ya kijani cha chai. Mheshimiwa Fisi alichelewa, akaja na walinzi wawili na simu tatu.

Kabla sijafika mbali, wasomaji wa Kericho na Bomet wasinitafutie maneno. Kwa Wakipsigis kila ukoo una mnyama wake tangu enzi na enzi. Atakayemwona jirani yake humu, amemwona mwenyewe, mimi sijamtaja.

Kobe alipewa nafasi ya kwanza kwa sababu ya umri. Akaanzia pale anapoanzia kila mara, vijana wakaguna.

"Mwaka 1902," alisema, "walitunga sheria kwamba ardhi ni ya Taji la Uingereza. Sisi tuliokuwa juu yake hatukuwa na karatasi, na asiye na karatasi alihesabiwa kuwa hayupo. Mgeni akitaka kukodi, apewe miaka 99. Wageni wenyewe, batamzinga, wakalia. Wakasema 99 ni michache, mtu hajazoea hata mahali pa kujikuna ameshafukuzwa. Basi mwaka 1915 wakaongezewa hadi 999. Nilijaribu kuihesabu kwenye gamba langu, nafasi ikaisha."

Vijana walicheka hapo, nao hucheka hapo kila mara.

"Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaletwa batamzinga waliorudi vitani bila mguu, bila bawa, maofisa wote. Wakagawiwa ekari 25,000 hapa Kericho walime kitani. Kiwete simcheki. Lakini bei ya kitani ilianguka mapema, maofisa wakatawanyika, na mimi kwa ujinga wa ujana nikaanza safari ya kurudi kwetu. Nilidhani aliyepewa cha mwenzake akishindwa nacho, kinarudi kwa mwenyewe."

"Kilikwenda wapi?" aliuliza mtoto wa Mbega, ambaye hajawahi kukisikia kisa hiki kikifika mwisho.

"Kwenye chai."

Na ndivyo ilivyokuwa. Katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na Finlay walitua, misitu ikanyolewa, miteremko ikawa kijani kimoja kilichosawazishwa juu kwa ukarimu wa kupendeza macho ya watalii. Ng'ombe wa wenyeji wakasukumwa kando, kisha wakaitwa wavamizi walipochungulia uzio. Wakazi nao wakasukumwa kwenye ile sehemu iliyoitwa hifadhi ya wenyeji, jina la heshima sana kwa mahali pa kubanana.

Kobe aligeuza shingo akawatazama wajukuu wa Simba, nao wakatazama chini. Simba ni mnyama wa Talai, ukoo wa orkoiik, waliokuwa wakiulizwa kabla ya vita na kabla ya kuhama. Batamzinga hakupenda mnyama ambaye wengine humwuliza jambo. Mwaka 1934 ikatungwa sheria nzima ya kuuondoa ukoo huo mmoja, wake kwa waume na watoto wachanga, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, penye mbung'o na malaria. Nimesoma sheria nyingi za kupambana na wezi, wazururaji na wapika chang'aa. Ya kumfukuza mtu kwa sababu ya babu yake ni adimu, hata kwa viwango vya serikali ile. Walirejeshwa uhuru ulipokaribia. Walirejeshwa Kericho, ndiyo, ila si kwenye ardhi yao. Wengi wao wanaishi vibandani mjini mpaka leo, na kutoka huko, hewa ikiwa safi, wanayaona mashamba.

"Mzee, tumesikia," alikatiza Mheshimiwa Fisi. "Hayo yalikwisha. Tuna Katiba. Wakili, soma."

Kinyonga akapanda juu ya jiwe, akawa na rangi ya jiwe.

"Katiba ya Kenya, tarehe 27 Agosti 2010, Kifungu cha 65. Asiye raia hamiliki ardhi nchini ila kwa kukodi, na ukodishaji huo hauzidi miaka 99. Mkataba wowote unaosema zaidi ya hapo utasomwa kama unasema 99. Kampuni haihesabiwi kuwa raia mpaka hisa zake zote, narudia zote, ziwe za raia. Na Jedwali la Sita linaongeza: mgeni aliyekuwa na ardhi ya milele, ardhi hiyo imerudi kwa Jamhuri siku hiyohiyo, naye atapewa na Serikali miaka 99 kwa kodi ya punje ya pilipili manga. Aliyekuwa na 999, imegeuzwa 99. Kwa hesabu yangu, kuanzia siku ile, hadi 2109."

Mwaka 2010 maneno hayo yalipigiwa vigelegele kutoka Londiani hadi Sotik. Mbega walirukaruka hadi wakavunja matawi yao wenyewe. Miaka mia tisa imeondolewa kwa mstari mmoja! Kobe peke yake hakuruka, na watu walidhani ni kwa sababu ya umbile.

"Tisini na tisa," alisema sasa, polepole. "Hiyo si ndiyo ile ya 1902?"

Hakuna aliyemjibu. Ilikuwa hesabu nyepesi, na nadhani ndiyo sababu hakuna aliyeifanya. Batamzinga walikwishakaa karibu karne moja kwenye ile 999, chai imepandwa, nyumba za mameneja zimejengwa, viwanda vinapuliza moshi. Kisha wanakuja raia huru na kuwakatia miaka, wakiwapa tena kile kipimo cha kwanza kabisa, kikianza upya kana kwamba wametua jana. Sheria iliuliza mgeni atakaa muda gani. Alipataje kuingia, haikumwuliza.

"Mimi swali langu si miaka," alisema Kogo Mbega. "Swali langu ni Tausi, huyu mpya wa Sri Lanka. Kama mgeni hawezi kuuziwa tawi, Tausi amelipataje?"

Kinyonga akatabasamu. Jicho moja lilimtazama Kogo, la pili likatazama walinzi wa Fisi.

"Hapo ndipo wengi hukosea, Kogo. Tawi halikuuzwa. Kilichouzwa ni kiota."

"Kiota kiko wapi?"

"Juu ya tawi."

"Na aliyenunua kiota atalala wapi?"

"Juu ya tawi. Lakini kisheria atakuwa amelala ndani ya kiota."

Akaeleza kwa upole wa mawakili wanaolipwa kwa saa. Aliyekodi ardhi ni kampuni. Kampuni haifi na haihami. Mwaka 1984 Unilever aliinunua Brooke Bond; Kericho hakuna aliyeona hata mjusi akivuka barabara. Kisha Kipanga, ndege wa fedha anayeitwa CVC, ambaye hunyanyua biashara nzima kwa makucha, akainunua chai ya Unilever ya nchi nyingi kwa euro bilioni 4.5, akaichukua mwaka 2022. Kericho ilikuwa humo ndani, mstari fulani wa daftari. Kipanga hakai. Haikupita miaka miwili akatangaza kwamba mashamba anayauza kwa Tausi.

"Na kila mara mgeni anabadilika, hakuna anayesema 'ardhi imeuzwa'?"

"Kwa sababu haijauzwa."

"Hakuna sheria inayozuia kiota?"

"Ipo!" Kinyonga alifurahi kuulizwa. "Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, ya 1967. Ardhi ya kilimo, hata hisa za kampuni binafsi inayoimiliki, haziuzwi bila kibali cha bodi, na bodi hairuhusiwi kumpa kibali asiye raia. Mlango umefungwa kwa komeo."

"Kumbe!"

"Na ufunguo anao Rais. Anaweza kusamehe ardhi yoyote, biashara yoyote au mtu yeyote kwa tangazo la Gazeti Rasmi."

Wanasheria wetu ni mafundi hodari. Hawajawahi kujenga ukuta bila kuacha nafasi ya dirisha, na dirisha huwa refu kidogo tu kupita urefu wa mbega.

Ndipo Mheshimiwa Fisi aliponusa kwamba kikao kinaelekea pabaya, yaani kinaanza kuelewa. Akasimama. "Ndugu zangu! Tumechoka na wageni! Wageni watoke kwenye ardhi ya babu zetu!"

Umati ukapiga makofi, na macho yote yakageuka kwa Sisimizi.

Hapa nitakaa kidogo. Chai ilipoanza, wenyeji wengi hawakukimbilia kuchuma majani ya mtu kwenye ardhi yao wenyewe, na nani atawalaumu. Sisimizi wakaletwa kutoka Kisii, Nyanza na Magharibi. Walipewa chumba kimoja kwenye safu za nyumba za shamba, kikapu cha mgongoni, na amri ya majani mawili na chipukizi. Wakazaa humo, wakazika humo. Mtoto wa Sisimizi aliyezaliwa Kericho, ana kitambulisho, anapiga kura Kericho, kwa Kifungu cha 65 ni raia timilifu: anaweza kumiliki ekari ya milele na Katiba isimnyanyulie nyusi. Lakini simama sokoni uulize mgeni ni nani. Utaonyeshwa yeye. Utaonyeshwa aliyechuma, si aliyeuza. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nyumba za Sisimizi zilichomwa, wakakimbia usiku na watoto mgongoni. Ubao wa lango, Kigong'ota ni shahidi, haukubadilishwa hata herufi.

Sisimizi mmoja mzee alijikohoza. "Mheshimiwa, sisi hata hatupo tena wengi. Wameleta panzi wa chuma. Mmoja anachuma sehemu ya kundi zima, halali, haumwi mgongo, hajiungi na chama cha wafanyakazi."

Hilo lilileta ukimya wa aina nyingine, kwa sababu vijana wa Mbega nao walikuwa wameshaanza kuchuma kwa kukosa la kufanya. Mei 2023 mashine hizo zilichomwa moto Kericho, polisi wakaja, na maisha yakapotea. Panzi wa chuma wakaendelea kuja. Hawamwulizi mtu kabila.

Fisi alikuwa anatafuta namna ya kukaa chini bila kuonekana, mara Tausi akawasili.

Nilitaka awe na sura mbaya, ingenisaidia katika kisa. Bahati mbaya alikuwa mwungwana. Alikunja mkia usikanyage mtu, akasema "Chamgei" kwa matamshi aliyoyafanyia mazoezi, na Kogo akajikuta amemwitikia. Akasema anajua chai kwa kuzaliwa nayo. Akasema anajua pia kwamba jamii ina uchungu, na kwa hiyo katika kila mayai 100 ya kiota, 15 yatatengwa yawe ya kokwet, kupitia ushirika.

"Kumi na tano," wakanong'onezana. Batamzinga karne nzima hakuwahi kutaja hata moja.

"Tutayala?" aliuliza Kogo.

"Mtayamiliki," alisema Tausi.

"Nani atayahesabu?"

Mheshimiwa Fisi aliinua mkono kabla swali halijaisha, kwa uzalendo.

Wakati huo Mbayuwayu, asiye na kwao maalumu na kwa hiyo anajua kwao kila mtu, alikuwa ametua juu ya waya wa simu. "Nimepita Tanzania," alisema, "huko Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi ila kwa uwekezaji, na karatasi zinapita kwa mamlaka ya uwekezaji. Nimepita na kwako, Tausi. Mwaka 1975 serikali yenu iliyatwaa mashamba ya chai ya makampuni ya Waingereza. Na tangu sheria ya 2014 mgeni haruhusiwi kununua ardhi kwenu, wala kampuni ambayo nusu ya hisa zake au zaidi ni za wageni. Ni uongo?"

"Ni kweli kabisa," alisema Tausi. "Sheria nzuri sana ile. Mimi mwenyewe naiunga mkono."

Alisema bila haya, na sioni kwa nini angeona haya. Anayefunga mlango wake vizuri hajavunja sheria yoyote akikuta wa jirani uko wazi. Aliyetunga sheria ya Colombo alikaa akafikiria hata hisa. Wa kwetu aliandika kwa wino mzito kwamba kampuni yenye mgeni ndani ni mgeni, halafu akamwachia mgeni huyo ahamishe kiota mbele ya macho yake.

Mjukuu wa Simba akasimama. Hakuwa amezungumza tangu mwanzo. "Na sisi tulioondolewa kwa sheria, tumo kwenye 15?"

Kinyonga akapekua makaratasi. Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilisikiliza madai ya Wakipsigis na Watalai, mwaka 2019 ikapendekeza Uingereza iombe radhi, ardhi ipimwe upya, na kaunti ziwe na neno mikataba inapotaka kuhuishwa. Makampuni yakakimbilia mahakamani. Mwaka 2022 madai mengine yakapelekwa Strasbourg, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwaka 2023 Mfalme Charles mwenyewe alikuja Kenya, akasikitika sana kwenye karamu. Radhi hakuomba.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hilo ni shauri jingine," alisema Kinyonga. "Leo tunazungumzia mayai."

Wengi walitaka kuyachukua, na siwezi kuwacheka. Mwenye njaa ya karne hawezi kuambiwa asubiri ya 100 wakati 15 yako mezani. Lakini Kogo Mbega alikuwa bado na lake. Alitaka liandikwe kwenye karatasi, Tausi atie ukucha, kwamba kiota kisiuzwe tena kwa yeyote bila kokwet kuulizwa kwanza na kupewa nafasi ya kukinunua. Na kwamba mwaka 2109 karatasi ya tawi isihuishwe kimyakimya ofisini Nairobi.

"Mimi sina neno," alisema Tausi, akipiga hesabu. "2109 ni mbali."

"Karatasi hiyo ataishika nani?" aliuliza Fisi, mkono ukiwa umeshaanza kupanda.

"Kobe," alisema Kogo. "Katika sisi wote ndiye pekee atakayekuwepo siku hiyo."

Kwa mara ya kwanza alasiri ile kokwet nzima ilikubaliana, Sisimizi kwa Mbega. Hata Fisi alipiga makofi, polepole. Kinyonga peke yake alibaki na kalamu hewani.

"Mzee Kobe, kwa ajili ya kumbukumbu tu. Nambari ya kitambulisho?"

"Sina."

"Cheti cha kuzaliwa?"

"Nilizaliwa kabla ya cheti."

Kinyonga akaweka kalamu chini. Rangi yake ilikuwa imeshakuwa ya karatasi. "Basi tuna tatizo. Mpaka uthibitishe, mbele ya sheria wewe si raia. Na asiye raia hawezi kushikilia ardhi, wala kilichojengwa juu yake, kwa zaidi ya miaka 99. Hilo gamba umelikalia tangu lini?"

"Tangu kabla ya 1902."

"Ndiyo hiyo sasa. Itabidi ligeuzwe kuwa la kukodi. Si kosa lako, ni taratibu. Njoo ofisini Kericho mjini, Jumatatu, na shahidi aliyekuona ukizaliwa."

"Walioniona nikizaliwa wote wamekufa."

"Njoo na vyeti vyao vya vifo."

Kogo Mbega aliinama kutoka tawini mpaka mkia wake mweupe ukagusa jiwe la wakili. "Na huyu wa kwenye ubao wa lango, nani alimwona akizaliwa?"

"Yeye hahitaji shahidi, Kogo. Yeye ana kiota."

Tone la kwanza la mvua lilianguka, walinzi wakamfungulia Fisi mwavuli. Kobe alikuwa akiwaza.

"Ofisi yako," alimwuliza Kinyonga, "hufunguliwa saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Jumatatu?"

"Jumatatu."

"Leo ni Jumatano," alisema Kobe, akageuza gamba lake kuelekea mjini. "Nisipoondoka sasa nitachelewa."